Mechi ya Taifa Stars na Nigeria ilikuwa bure London, Muscat ni ya kulipia. Nyie mlioko nje mnaangaliaje?

#1 Mkunazi (Muscat)
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Desemba 2025.

Tarehe 23, Stars yetu ya Tanzania na Nigeria kule Fez, Morocco, kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Hapa Muscat mechi ilianza saa tatu na nusu usiku. Chaneli zenye mechi sikuwa nimezilipia, kifurushi chake si cha mshahara wangu, nikategemea linki iliyorushwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nigeria wakatangulia dakika ya 36. Kipindi cha pili, dakika ya 50, tunapanda nao vizuri kabisa, picha ikaganda. Kile kiduara kinazunguka. Simu ikaanza kulia mfululizo: gooooli, M'Mombwa, tumesawazisha! Nikafunga, nikafungua, nikahamia linki ya pili. Picha inarudi, nasoma pale juu kwenye kona: 2-1. Lookman keshatufunga. Dakika mbili tulikuwa sawa na Nigeria kwenye AFCON, na ndizo dakika mbili ambazo sikuziona.

Asubuhi binamu yangu wa London ananiambia yeye kaangalia Channel 4, picha nyeupe kama maziwa, hajalipa hata senti, na mechi zote 52 ziko humo. Kwa nini? Ninavyoamini mimi ni sheria. Uingereza wana sheria kwamba mashindano makubwa lazima yaonyeshwe bure, huku kwetu hatuna. Na Kombe la Dunia la 2026 linaanza Juni 11. Naomba kila mtu aseme alipo anaangaliaje.

#2 Kibao Kata (Morogoro)
Naweka kambi hapa.

#3 Bi Mkubwa wa Leicester
Mkunazi, pole mwanangu, hizo dakika mbili zilikuwa tamu, tulipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ila nikurekebishe. Sheria ipo, ni ya mwaka 1996, nayo ina orodha ya mashindano ambayo lazima yapatikane kwenye chaneli za bure. Kombe la Dunia limo, Euro imo, fainali ya FA Cup imo. AFCON haimo. Channel 4 walinunua kwa hiari yao. AFCON iliyotangulia, ile ya Ivory Coast, nyingi zilikuwa Sky za kulipia, BBC wakaonyesha chache tu. Kwa hiyo binamu yako safari hii alipata bahati, asije akadhani ni haki yake ya kudumu.

Na hilo neno "bure" mliangalie. Ukitazama matangazo ya mubashara hapa, chaneli yoyote ile, unatakiwa uwe na leseni ya televisheni, zaidi ya pauni 170 kwa mwaka. Ukiona mtu anakwambia halipi hata senti, ama mwenye nyumba anamlipia, ama siku moja barua itambishia hodi.

#4 Mkunazi (Muscat)
Shukrani bibi. Hilo la orodha sikulijua. Kumbe si sheria. Sasa ni nini?

#5 Ndizi Mshale (Dar, Tandale)
Ni bei tu. Kitu kinauzwa ghali kinakopendwa. London wanaoitaka AFCON ni wahamiaji wetu, kwa hiyo kule inauzwa nafuu na chaneli ya bure inaimudu. Hapo ulipo wewe uko soko moja na Morocco, Misri, Algeria na Tunisia, wote walikuwa kwenye mashindano na wote wanaumwa mpira. Muuzaji hawezi kukupunguzia.

#6 Pwani Kuu (Mombasa)
Naona Ndizi Mshale amegusa lakini hajafika. Shida ya Muscat ni kwamba beIN, kampuni ya televisheni ya Qatar, hununua Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kwa pamoja, tangu enzi ilipokuwa ikiitwa Al Jazeera Sport kabla ya 2014. Oman haikuulizwa. Inaburutwa tu na fungu lake. Angekuwa Oman ananunua peke yake pengine televisheni ya taifa ingeonyesha.

#7 Fundi Antena (Mwanza)
Wote #5 na #6 mnaongelea mnunuzi. Tazameni na muuzaji. CAF, shirikisho la mpira Afrika, walivunja mkataba na kampuni ya Lagardère mwaka 2019, mkataba ambao ulikuwa mtu mmoja anauza kila kitu. Baada ya hapo wakaanza kuuza vipande vipande. Mnakumbuka AFCON ya Ivory Coast? Haki za nchi 46 za kusini mwa Sahara zilichukuliwa na New World TV ya Togo. SuperSport wakatangaza hawatakuwa nayo, watu wakapagawa, dakika za mwisho wakapatana. Mashindano yanakaribia kuanza na mwenye king'amuzi hajui kama ataona. Mauzo yakifanyika hivyo, bei inategemea nani kawahi kukaa mezani, haitegemei sheria wala mapenzi.

#8 Mama Chapati wa Tandale
Mimi ndiye mwenye banda umiza, banda la kuonyeshea mpira, niacheni niseme yangu.

Banda langu lina mabenchi kumi na mawili na TV mbili. Mechi ya kawaida kiingilio 500, ya Stars 1,000. Siku ya Tunisia, Desemba 30, nilikuwa nimejaza mpaka watoto wamekaa juu ya kreti za soda. Tunisia wakapata penalti karibu na mapumziko, 1-0. Kimya. Kipindi cha pili hakijachanganya Feisal akasawazisha. Jamani! Vumbi lilinyanyuka chini, mabati yanagongwa, mtu alinikumbatia na sufuria yangu ya chai mkononi. Na katikati ya kelele hizo umeme ukakatika.

Jenereta ninalo, dogo, lakini petroli ilikuwa robo lita. Kijana mmoja akatoa chupa ya maji, akaenda kunyonya mafuta kwenye bodaboda yake mwenyewe. Dakika kama nne hivi. Tulikaa gizani watu hamsini na kitu, mmoja ana redio ya simu kaweka spika, anatutangazia kwa sauti: tumeokoa, kona, wametoa nje. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyedai hela yake. Picha iliporudi bado 1-1, na ikaisha hivyo hivyo, tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza tangu nchi hii ianze kucheza mpira.

Sasa mnaongea kulipia, kulipia. Kifurushi nalipa mimi mmoja, wanaona hamsini. Huku kwetu ndivyo tunavyoona, na bila mabanda mtaa mzima ungekuwa unasimuliwa.

#9 Mzee Gulio (Tabora)
Mama Chapati umenirudisha mbali. Mwaka 1980 tulipokwenda AFCON kule Lagos, bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 70, sisi tukaipata 1994. Habari za Lagos tulizipata redioni, tumezunguka redio moja ya mbao dukani, betri zinaanikwa juani ili zisogee kidogo. Tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Matokeo hayo nayakumbuka kuliko ya wiki iliyopita, na sikuona hata mpira mmoja ukipigwa.

#10 Kibao Kata (Morogoro)
Mzee heshima yako. Hii ndiyo sababu napenda jukwaa hili.

#11 Chui wa Uvira
Jambo ndugu zangu. Huku kwetu mashariki ya Kongo umeme ni wa jua. Kwenye avenue yetu dekoda ni moja, betri ni mbili, kila nyumba inachanga franga kidogo. Tuliangalia nusu fainali ya AFCON mwaka 2024 hivyo, sisi na Ivory Coast, saa nne ya usiku kwa saa zetu. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu wakaziba mdomo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema juu yetu, juu ya watu wanaokufa huku na dunia imenyamaza. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia na mpira haujaanza. Tulifungwa 1-0. Lakini nasema hivi: kama siku ile betri ingekufa, tungenyimwa kitu kikubwa kuliko mpira. Kwa hiyo swali la nani anaona bure si swali dogo.

#12 Mkunazi (Muscat)
Chui, nimesoma mara mbili. Mungu awalinde huko.

#13 Bahari Shwari (Columbus, Ohio)
Nami ni Mkongo, nilipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuja huku. Marekani AFCON ni beIN, ya kulipia, unajiunga kwa mwezi mmoja halafu unajitoa. Kombe la Dunia ni rahisi zaidi: Fox kwa Kiingereza na Telemundo kwa Kihispania, na zote mbili zinashikika kwa antena ya ndani. Nilinunua ile bapa kama karatasi, nikaibandika dirishani upande wa mjini, TV ikatafuta yenyewe, basi. Sebuleni kwangu tunaangalia kwa Kihispania. Baba yangu hajui Kihispania hata neno, ila anasema mtangazaji wa Kiingereza anasoma kama taarifa ya habari na huyu wa Kihispania anaumwa mpira kama mtu.

Angalizo: mechi nyingine za Fox zinahamia FS1, na FS1 antena haiishiki. Angalia ratiba mapema.

#14 Nyuki wa Kagera (Köln)
Ujerumani: ARD na ZDF wataonyesha mechi 60 kati ya 104, zilizobaki ni MagentaTV ya kulipia. Lakini kama bibi wa Leicester alivyosema kuhusu bure, hapa kila nyumba inakatwa euro 18.36 kwa mwezi, uwe na TV usiwe nayo. Nilipofika sikujua, barua zikarundikana, nikaja kulipa miezi kwa mpigo. Mwanafunzi mgeni asome hizo barua, asizitupe.

Kwa AFCON nilihangaika. Mwenzangu akaniambia tumia VPN ujifanye uko London.

#15 Dogo Kasi (Arusha)
VPN ndiyo jibu, sijui mnazunguka nini. Weka Uingereza, fungua, angalia.

#16 Bi Mkubwa wa Leicester
Dogo Kasi, tulia. Zile programu za huku zinakuuliza unaishi wapi na kama una leseni, ukibofya "ndiyo" umedanganya. Pia wanazitambua VPN nyingi na kuzifungia. Sikutishi, nakueleza.

#17 Nyuki wa Kagera (Köln)
Na zile VPN za bure, nilijaribu mbili. Ya kwanza ilinijazia matangazo ya kamari simu nzima. Ya pili ilishika, lakini picha ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Nimekaa naangalia tunashambuliwa na Uganda, kaka yangu wa Bukoba anapiga simu: "Msuva kaweka penalti!" Kwenye kioo changu bado hata haijatolewa. Nilijua goli kabla ya faulo.

#18 Mwana wa Ziwa (Kampala)
Hiyo mechi mbona mnaikumbuka nusu? Ikpeazu wetu alisawazisha dakika ya 80, andikeni na hilo.

#19 Ndizi Mshale (Dar, Tandale)
Tunaikumbuka yote ndugu yangu, mpaka penalti ya Okello ya dakika za nyongeza. Ule mpira alioupaisha bado unatafutwa Rabat.

#20 Mwana wa Ziwa (Kampala)
Mmenipata. Niliangalia kwenye kibanda cha Kabalagala, watu walishika vichwa kama msiba. Sisi tukaishia makundi, nyie mkavuka. Hongereni, nasema kutoka moyoni.

Ila nami nina neno kuhusu kuangalia kwa wingi. Julai 11, 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village. Watu 74 walikufa wakiangalia mpira. Mjomba alitakiwa awe Kyadondo, akachelewa daladala. Mpaka leo haangalii fainali yoyote nje ya nyumba. Kwa hiyo Mama Chapati, mlango wa pili kwenye banda uwepo, na mtu wa kukagua mabegi. Usione kama ni kuharibu raha.

#21 Mama Chapati wa Tandale
Nimekusikia mwanangu. Mlango wa nyuma upo ila nimeuwekea kreti. Kesho naziondoa.

#22 Fundi Antena (Mwanza)
Kwa Nyuki #17, hicho kuchelewa ni kazi ya intaneti yenyewe. Picha inakatwa vipande, inabanwa, inapelekwa kwenye seva, simu yako inakusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha ili isigande. Dishi linachelewa sekunde chache tu. Redio ya kawaida ndiyo huwahi zaidi. Ndiyo maana banda lenye dishi na jirani mwenye bando hawawezi kushangilia pamoja.

#23 Mkunazi (Muscat)
Fundi, sasa nikuulize la dishi. Mwaka juzi nilibeba king'amuzi cha nyumbani kwenye begi kutoka Dar, na rimoti yake. Nikanunua dishi la sentimita 90 Ruwi, nikapanda nalo juu ya paa la nyumba tunayopanga Seeb. Siku mbili, jua la Julai, nazungusha dishi kidole kwa kidole, mwenzangu yuko chini ananipigia kelele: "Sifuri! Sifuri! Bado sifuri!" Mkono uliungua kwa chuma. Wale wa kampuni nilipowapigia wakaniambia nilipie kifurushi kikubwa zaidi kwanza. Nikalipa. Sifuri ile ile.

#24 Fundi Antena (Mwanza)
Pole sana. Walikukosea, kifurushi hakina uhusiano na ishara. Setilaiti huwa inaelekeza nguvu yake kwenye eneo fulani, kama tochi. Ukiwa nje ya duara la tochi, hata uweke dishi la mita mbili unaweza kuambulia patupu. Kabla ya kununua dishi, uliza ramani ya mawimbi ya setilaiti yenyewe. Na hata ungeshika, mkataba wa king'amuzi ni wa nchi kilikouzwa.

#25 Maalim wa Barka (Oman)
Mkunazi, kijana wangu, upo Oman muda wote huo na unapanda paa? Sisi tuliorudi kutoka Unguja tuna utaratibu wetu. Nenda kahawani. Hapa Barka iko moja karibu na pwani ina skrini ukutani, imelipiwa leseni ya biashara. Unaagiza karak, chai ya maziwa, na ukikaa saa mbili hakuna wa kukusogeza. Siku ya Stars na Morocco tulikuwa meza tatu za Kiswahili katikati ya mashabiki wa Morocco. Brahim Díaz alipofunga walishangilia, kisha mmoja akatuletea sahani ya halwa, akasema mmecheza kama wanaume. Tukala.

#26 Pwani Kuu (Mombasa)
Hapo maalim ametoa jibu kubwa kuliko VPN zote.

Narudi kwenye mada. Kwa CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 hapa Kenya mbona KBC walionyesha na hakuna aliyelia? Harambee Stars ikaifunga Morocco 1-0, mtaa mzima wa Kisauni ulikuwa nje. Maana yake televisheni za taifa zikitaka zinaweza. Nasema tatizo ni serikali kutopanga bajeti mapema, zinakumbuka wiki ya mwisho wakati bei imeshapanda.

#27 Ndizi Mshale (Dar, Tandale)
Sikubaliani. CHAN tulikuwa wenyeji sisi, Kenya na Uganda, mwenyeji ana nafasi yake. Usilinganishe na mashindano ya Rabat.

#28 Dogo Kasi (Arusha)
Na Kombe la Dunia la Klabu 2025? DAZN waliachia mechi zote 63 bure dunia nzima, niliangalia kwa simu. Kwa hiyo inawezekana. Wakitaka, mipaka inafutika.

#29 Fundi Antena (Mwanza)
Iliwezekana kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja wa dunia nzima, alitaka watu wajisajili kwake. Kombe la Dunia lenyewe tayari lina wanunuzi kila nchi. Hakuna atakayekubali jirani amwage bure alichokinunua yeye. Ila hoja yako nimeipenda, sikuifikiria.

#30 Bi Mkubwa wa Leicester
Mimi bado nasema sheria ina nguvu. Bila ile orodha, hata Kombe la Dunia lingeshahamia kwenye kulipia hapa. Mkunazi alikosea shindano tu, hakukosea wazo. Afrika Mashariki tuna bunge la jumuiya Arusha, kwa nini tusiwe na orodha yetu: kila mechi ya timu ya taifa iwe chaneli ya bure?

#31 Ndizi Mshale (Dar, Tandale)
Bibi, ukiweka sheria hiyo nani atalipa? Chaneli ya bure nayo inanunua. Utaishia kukosa kabisa.

#32 Bi Mkubwa wa Leicester
Matangazo ya biashara yatalipa. Mechi ya Stars kuna kampuni gani isiyotaka kuonekana?

#33 Chui wa Uvira
Na kule ambako hakuna kampuni?

#34 Mkunazi (Muscat)
Wakuu, nimewasoma wote. Jumamosi nakwenda Barka kwa maalim. Nimepiga hesabu ya saa: ufunguzi, Mexico na Afrika Kusini, Juni 11, kwa Dar ni saa nne usiku, kwetu saa tano. Fainali New Jersey Julai 19, saa zile zile. Ila nyingine nyingi ni alfajiri, saa kumi huko nyumbani. Maalim, kahawa inafunguliwa alfajiri?

#35 Maalim wa Barka (Oman)
Baada ya swala ya alfajiri ipo wazi. Kabla ya hapo nitaongea na mwenyewe, ananifahamu.

#36 Mama Chapati wa Tandale
Mimi nitafungua hata saa kumi usiku. Chai na chapati zitakuwa moto. Petroli lita tano nishanunua.

#37 Mgeni Mpya (Guangzhou)
Habari za jukwaa. Nimesoma mpaka mwisho. Huku China naona majirani wanaangalia chaneli ya taifa ya michezo, lakini programu yake imenigomea, inataka namba ya simu ya hapa na kitambulisho chao. Kuna Mtanzania au Mkenya yeyote wa huku aliyefanikiwa? Ratiba yetu sisi itakuwa asubuhi kabisa, nipo kwenye basi la kwenda sokoni Xiaobei.